Mtoto wa Mbwa Akikohoa, Usiseme ni Mafua Tu

Katika ukurasa wetu huu wa Mama na Nyumba, mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo, nalo ni mtoto wa mbwa anayekohoa. Najua wapo watakaouliza, "Je, magonjwa ya watoto wetu wenyewe yamekwisha hata tuletewe ya mbwa?" Tafadhali nivumilieni. Katika nyumba zetu nyingi mbwa ndiye mlinzi wa usiku, lakini anayempikia, anayefagia banda lake na anayeamshwa na watoto mbwa anapougua ni mama. Tena, kama mtakavyoona, kikohozi cha mtoto wa mbwa chaweza kuigusa hata afya ya baba na watoto.

Yaliyotupata sisi

Sisi tunaishi Chumbageni, hapa Tanga mjini. Mwaka juzi, baada ya wezi kuruka ukuta wetu mara mbili, baba watoto aliamua tufuge mbwa. Rafiki yake alikuwa na mbwa jike aliyezaa watoto sita, akatupa wawili. Walikuwa na umri wa majuma matano tu. Kijana wetu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tatu, akawapa majina: mwekundu akamwita Simba, na mwenye mabaka akamwita Doa. Ilikuwa mwezi wa Aprili, masika yamekolea. Nikawaweka ndani ya boksi kwenye kibaraza cha jikoni, juu ya sakafu ya saruji, karibu na jiko la mkaa. Nilidhani joto la jiko litawafaa. Moshi wake sikuufikiria.

Baada ya juma moja hivi Doa akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu chenye kishindo, kama cha mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, na mwisho wake akatoa povu jeupe. Baba watoto akasema, "Huyu amekwamwa na mwiba." Akakunja mkono wa shati, akamtia vidole kooni. Hakuona mwiba wala mfupa. Alichopata ni kuchubuliwa na vile vimeno vyake vilivyochongoka kama sindano.

Kesho yake mimi nikajifanya daktari. Palikuwa na vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kabatini na dawa ya maji ya kikohozi ya watoto. Nikampakata Doa chali, kama ninavyompakata mtoto mchanga, nikamnywesha kwa kijiko. Akapaliwa, akakohoa sana, kisha akatulia. Nikajisifu moyoni kwamba dawa imeingia.

Siku ya nne, jirani yetu, bibi mmoja Mdigo ambaye ni Mwislamu, alisimama penye michongoma akatazama. Akaniita, akasema, "Mwanangu, mimi mbwa simgusi, lakini macho ninayo. Huyu anapumua kwa tumbo."

Nikamjibu, "Ni mafua tu, Bibi. Mvua hizi."

Usiku ule Doa alikufa. Asubuhi mwanangu alisimama mbele ya boksi muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mama, ile dawa ndiyo iliyomuua?" Sikuwa na la kumjibu.

Siku hiyo hiyo Simba naye akaanza kukohoa. Safari hii sikungoja. Nilimtuma mtu kwa mzee mmoja aliyekuwa bwana mifugo kabla ya kustaafu. Alikuja jioni, akakaa kwenye kigoda, akamtazama Simba kwa dakika nzima bila kumgusa. Nilipomweleza habari za Doa alitikisa kichwa, kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea: "Nani alimtia mkono mdomoni?"

Baba watoto akaonyesha vidole vyake.

Mzee akamwambia, "Mbwa anayeonekana amekwamwa kooni huenda ana kichaa. Huyu wenu nadhani alikuwa na nimonia, lakini mmekwisha kumzika, na mimi sikumwona. Nenda hospitali sasa hivi, usingoje kesho. Hakuna hasara katika sindano, hasara i katika kungoja."

Alikwenda, akaandikiwa sindano, akazimaliza zote kwa tarehe alizopangiwa. Mungu alituhurumia, hakuugua. Lakini zile siku za kwanza, nilipokuwa nikimtazama mume wangu akinywa chai huku namwomba Mungu asije akashtuka kwa maji, sitazisahau. Ndiyo sababu nimeamua kuwaandikia yale niliyofundishwa na mzee yule, na mengine niliyojifunza baadaye kwa madaktari wa wanyama.

Kikohozi kinatoka wapi?

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba kikohozi si ugonjwa mmoja. Ni dalili, na asili yake ni nyingi. Hizi ndizo tunazokutana nazo zaidi kwa watoto wa mbwa.

Kikohozi cha bandani. Hiki huletwa na virusi na bakteria za namna mbalimbali, mara nyingi kwa pamoja. Huambukizwa kwa hewa, kwa kunusana na kwa vyombo, hasa mahali walipo mbwa wengi. Mbwa huanza kukohoa siku chache baada ya kukutana na mgonjwa, kwa kawaida kati ya siku 3 na 10. Kikohozi chake ni kikavu, cha kishindo, na mwishoni mbwa hutapika povu. Mbwa mkubwa mwenye nguvu hucheza na kula kama kawaida, na hupona kwa juma moja hadi matatu. Lakini kwa mtoto wa mbwa ugonjwa huu waweza kushuka mapafuni ukawa nimonia, nayo nimonia haingoji majuma matatu.

Nimonia. Hapa mapafu yenyewe yamevimba na kujaa uchafu. Mtoto wa mbwa huchoka, hukataa chakula, hupata homa, na hupumua upesi upesi kwa nguvu ya tumbo. Nimonia yaweza kufuata ugonjwa mwingine, au yaweza kuletwa na sisi wenyewe tunapomimina maziwa, dawa au mafuta kinywani mwa mnyama yakaingia njia ya hewa. Hivyo ndivyo nilivyomfanyia Doa.

Distempa. Akina mama, huu ndio ugonjwa wa kuogopwa. Virusi vyake ni vya ukoo mmoja na virusi vya surua, ile tunayowachanjia watoto wetu kliniki. Huanza kwa homa, macho na pua hutoa maji, kisha maji yale hugeuka usaha mzito. Hufuata kikohozi, kutapika na kuharisha. Wengine pua na nyayo zao huwa ngumu na kupasuka. Mbwa akionekana kupata nafuu, baada ya majuma kadhaa aweza kuanza kutikisika misuli, kutafuna hewa, kuanguka kifafa au kupooza miguu. Hakuna dawa ya kuviua virusi hivyo. Daktari humsaidia tu mnyama asife kwa kiu, kwa homa au kwa nimonia inayofuata, na watoto wa mbwa wengi hawaponi.

Ukitaka kujua ukali wa distempa, kumbuka yaliyotokea Serengeti mwaka 1994. Ugonjwa huu uliwaingia simba, wakawa wanaanguka kifafa mbele ya watalii. Simba wapatao 1,000 walikufa, yaani karibu theluthi moja ya simba wote wa eneo lile. Wataalamu walipochunguza, waliona kwamba asili yake ilikuwa mbwa wa kufugwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, na baadaye mbwa wale wakaanza kuchanjwa. Ikiwa ugonjwa wa mbwa wa kijijini ulimwangusha simba, kijibwa cha majuma matano kitaponea wapi?

Minyoo. Hili wengi hawalijui. Watoto wa mbwa huweza kuzaliwa wakiwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama yao. Minyoo hiyo ikiwa bado michanga husafiri kupitia mapafuni kabla ya kurudi tumboni, na safari hiyo huwafanya wakohoe. Ukiona mtoto wa mbwa ana tumbo kubwa kama ngoma, manyoya yamesimama na anakohoa, fikiri minyoo pia.

Kichaa cha mbwa. Hiki si ugonjwa wa mapafu, lakini nimekiweka hapa kwa sababu huweza kudhaniwa kuwa ni kukwamwa. Taya hulegea, mate hutiririka, sauti hubadilika, na mnyama hushindwa kumeza. Hata mtoto wa mbwa huweza kukipata akiumwa na mbwa mwenye kichaa. Kwa hiyo kanuni ni moja: usimtie mkono mdomoni mbwa anayeonekana amekwamwa, wala usimruhusu mumeo au mtoto afanye hivyo. Mfungie peke yake, kisha mwite daktari.

Namna ya kumtazama

Sisi akina mama tumezoea kumgusa mtoto paji la uso tukajua ana homa. Kwa mbwa njia hiyo haifai, kwa sababu mbwa mzima ana joto kuliko sisi, kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Kila mbwa ataonekana kama ana homa. Wala usidanganyike na pua. Pua kavu si lazima iwe ugonjwa, na pua yenye majimaji si lazima iwe uzima. Tazama mambo haya manne.

Kwanza, pumzi. Ngoja mtoto wa mbwa alale usingizi, kivulini, kisha hesabu ubavu wake unavyopanda kwa dakika moja nzima. Mara 15 hadi 40 si ajabu. Ikizidi 40 akiwa amelala kimya, ngoja kidogo uhesabu tena, maana akiota ndoto hupumua upesi. Ikiwa bado imezidi, hiyo ni dalili mbaya. Usihesabu baada ya kucheza au katika jua la kaskazi, kwa kuwa mbwa hutweta ili ajipoze. Tazama pia kama tumbo linavutwa ndani kwa nguvu, kama amenyoosha shingo ili apate hewa, au kama hawezi kulala ubavu.

Pili, chakula. Mtoto wa mbwa anayekohoa lakini anagombea sahani bado ana nguvu. Akiacha kula siku nzima, usingoje ya pili.

Tatu, macho na pua. Maji meupe ni jambo la kuangaliwa, lakini usaha wa manjano au kijani ni jambo la daktari.

Nne, ufizi. Inua mdomo wa juu kidogo umtazame ufizi, ikiwa ni mpole na hana dalili zile za kukwamwa. Wengine wana ufizi mweusi tangu kuzaliwa. Kwa hao tazama ulimi. Rangi njema ni ya waridi. Ikiwa ni ya bluu, ya kijivu au nyeupe kama karatasi, usimalize hata kusoma ukurasa huu, mpeleke mara moja.

Mwite daktari siku hiyo hiyo ukiona lolote katika haya: anapumua kwa shida, hali chakula, ana usaha machoni au puani, analala tu, anatikisika au kuanguka kifafa, au ana umri wa chini ya miezi minne na kikohozi kimezidi siku moja. Dalili ya mvua ni mawingu. Bibi yule jirani yangu aliyaona mawingu, mimi nikasema ni mafua.

La kufanya ukimngoja daktari

Mtenge. Muweke mbali na mbwa wengine, na sahani yake iwe peke yake. Ukishamhudumia, nawa mikono na kubadilisha viatu kabla ya kuwaendea wengine, kwa sababu magonjwa haya hupanda nguo, mikono na vyombo. Ikiwa ni kikohozi cha bandani, aendelee kutengwa majuma mawili baada ya kikohozi kukoma. Ikiwa ni distempa, mwulize daktari, maana mgonjwa huweza kutoa virusi kwa muda mrefu zaidi.

Mpe joto na ukavu. Mtoto wa mbwa katika majuma mawili au matatu ya kwanza hawezi kujipatia joto mwenyewe. Hata aliyezidi umri huo hudhoofika akilala juu ya saruji yenye maji. Tandika gunia kavu juu ya ubao au ndani ya boksi lililoinuliwa, mahali pasipo upepo wa kusi wala matone ya paa. Waweza kujaza chupa maji ya moto kiasi, ukaizungushia kitambaa na kuiweka upande mmoja wa boksi, ili akiona joto limezidi aweze kusogea.

Mwondoe penye moshi. Jiko la mkaa, kuni, na zile dawa za kufukiza mbu vyote huumiza mapafu yaliyokwisha kuumwa.

Mpe chakula chenye harufu. Mbwa hula kwa kunusa kwanza, na pua ikiziba hata nyama haioni. Mfutie pua na macho kwa kitambaa laini kilicholowa maji vuguvugu, kisha mpe uji au ugali laini wa supu ya dagaa au ya nyama iliyo vuguvugu. Usitie chumvi wala pilipili, na kitunguu usitie kabisa, kwa kuwa ni sumu kwa mbwa. Maji safi yawepo wakati wote.

Mpumzishe. Msimfunge kamba shingoni, maana kamba huchochea kikohozi. Waambie watoto wasimkimbize wala kumbeba beba.

La kutofanya

Usimpe dawa za watu. Paracetamol yaweza kumdhuru mbwa mdogo, na ibuprofen na diclofenac huweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo zake. Vile vidonge vya rangi mbili, wengi wanavitumia kwa kila jambo, lakini havifanyi lolote kwa virusi, kipimo chake tunakibahatisha, na ikiwa ni tetracycline huacha madoa kwenye meno yanayoota, kama inavyofanya kwa watoto wetu. Dawa ya maji ya kuzuia kikohozi nayo haifai kwa mwenye nimonia, kwa sababu humzuia asiutoe uchafu ulio mapafuni.

Usimmiminie kitu kinywani akiwa chali. Mtoto wa mbwa hunyonya akiwa ameegemea tumbo, kichwa kimeinuka kidogo. Ukimlea aliyefiwa na mama yake, mlishe hivyo hivyo, taratibu. Maziwa yakitokea puani, acha mara moja, mwinamishe kichwa ili yatoke, na umwangalie kwa siku kadhaa. Wapo pia wanaowanywesha mbwa mafuta ya kula ili kulainisha koo, au mafuta ya taa ili kuua minyoo. Yote mawili huweza kuingia mapafuni, na ya taa ni sumu hata yakienda tumboni.

Usimfunike blanketi ili umfukize, wala usimpake dawa ya kuchua kifua. Sisi tunaweza kutoka chini ya blanketi tukiona joto limezidi. Yeye hawezi kusema. Kafuri iliyomo katika dawa nyingi za kuchua nayo ni sumu akijilamba.

Chanjo ni bora kuliko machozi

Baada ya kumtibu Simba, mzee aliniuliza kama mama yao alikuwa amechanjwa. Nikajibu kwa furaha, "Ndiyo, walipita wale wa chanjo ya kichaa." Akacheka kidogo. Ndipo nilipojua kosa ambalo nadhani wengi tunalo. Chanjo ya kichaa cha mbwa huzuia kichaa peke yake. Haizuii distempa wala kikohozi. Iko chanjo nyingine ya mseto, ambayo huzuia distempa na magonjwa mengine kadhaa makubwa ya mbwa, na sindano zake huenda hivi: ya kwanza akiwa na majuma 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya majuma 3 au 4 mpaka afikishe majuma 16, na tena mwaka unaofuata. Sababu ya kurudia ni kwamba kinga aliyoipata katika maziwa ya mama yake huweza kuizuia chanjo isifanye kazi, na hakuna ajuaye ni siku gani kinga ile itakwisha. Anayechoma moja akaacha huenda amemwachia mbwa wake mlango wazi.

Chanjo ya kichaa yeye huipata akiwa na miezi mitatu, na hurudiwa kama daktari atakavyoelekeza. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na mahali pengi hufanywa kampeni ya kuchanja karibu na siku hiyo. Sikiliza matangazo ya kata yenu. Dawa ya minyoo hutolewa mapema, tangu akiwa na majuma mawili, na hurudiwa kila majuma mawili mpaka afike miezi miwili, kisha kila mwezi mpaka afike miezi sita. Kipimo hufuata uzito, kwa hiyo apimwe kwanza.

Usipokee mtoto wa mbwa kabla hajatimiza majuma manane, hata akipendeza namna gani. Usinunue chanjo dukani ukaenda nayo kwenye kikapu, kwa kuwa huharibika ikipata joto. Mwachie daktari ailete penye barafu. Kama gharama inakutisha, ulizeni majirani wenye mbwa mkamwite siku moja, mkashirikiana nauli yake. Afisa mifugo wa kata atakuelekeza mahali pa kuanzia. Sisi wa Tanga tuna bahati, kwa kuwa chuo cha mifugo cha Buhuri kiko hapa hapa kwetu, na si vigumu kumpata mtu aliyesomea kazi hii.

Watoto wetu na majirani zetu

Distempa haiwaambukizi watu. Lakini minyoo ya mbwa huweza kuwaingia watoto wanaochezea mchanga wenye kinyesi, na mate ya mbwa mwenye kichaa huua. Wafundishe watoto kunawa kwa sabuni kila wakimgusa mbwa, na wasilambwe midomoni. Kinyesi kizolewe kila siku. Mtoto akiumwa au kuchubuliwa na mbwa, hata mdogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, usipake majivu wala pilipili, na umpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Kwa hapa kwetu, iko hospitali ya mkoa ya Bombo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, ni vigumu mno kupona.

Banda nalo lioshwe kwa sabuni kwanza, kisha kwa jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya jiki kwa sehemu 30 za maji. Wakati huo mbwa atolewe nje, maana harufu yake huumiza pumzi. Suuza, acha jua likaushe, ndipo umrudishe.

Tena tukumbuke tunaishi na nani. Hapa Chumbageni majirani zetu wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Mbwa mgonjwa anayezurura anawapelekea mbwa wengine ugonjwa, na anampelekea jirani usumbufu mlangoni mwake. Kumfungia ndani ni afya, tena ni heshima.

Neno la mwisho

Simba alipona. Daktari alimpa dawa kwa uzito wake, tukamhamisha kibarazani, na kwa majuma matatu mwanangu ndiye aliyekuwa akihesabu pumzi zake kila jioni na kuziandika nyuma ya daftari la hesabu. Sasa ni mbwa mkubwa, na wezi wanaijua nyumba yetu. Bibi jirani bado hamgusi, lakini huuliza habari zake kila asubuhi.

Mtu mmoja aliniambia, "Mama, ni mbwa tu." Nilimjibu kwamba Kitabu cha Mithali, sura ya 12, kinatufundisha kuwa uadilifu wa mtu huonekana hata katika namna anavyomjali mnyama wake. Watoto wetu wanatutazama tunavyowatendea wale wasioweza kusema.

Na lile swali la mwanangu nilikuja kulijibu. Nilimwita, nikamkalisha karibu nami, nikamwambia, "Mwanangu, dawa ile huenda ilimzidishia. Sikujua, na sikuuliza. Nisamehe." Alinyamaza kidogo, akasema, "Safari nyingine tumwulize Bibi kwanza." Basi, mama mwenzangu, usione haya kuuliza. Uliza mapema, kabla ya kukunja mkono wa shati na kabla ya kufungua kabati la dawa.

Bwana azilinde nyumba zenu pamoja na vyote alivyoviweka chini ya uangalizi wenu. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.